Oskiloskopu ya mitumba niliyoipata Mwembe Tayari: kwangu mimi, thamani yake iko kwenye XY

Kazi yangu ni kutengeneza amplifaya na mikisa za vikundi vya taarabu na kasida, hapa Majengo, Mombasa. Mwezi uliopita nilinunua oskiloskopu, yaani chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, kuukuu ya Kijapani, ya kioo cha kijani, chaneli mbili, MHz 20, kwenye duka la vyombo vya mitumba upande wa Mwembe Tayari. Bei ilianzia shilingi 18,000, tukaelewana kwa 14,000 pamoja na probu (waya wa kupimia) moja. Probu ya pili nilikuwa nayo.

Duka ni jembamba, joto tele, vyombo vimepangwa hadi darini. Lakini mwenyewe ana subira. Nilimwambia, "Ami, siondoki nayo mpaka niijaribu." Akanivutia waya wa stima, akanipa stuli. "Pima hata mpaka magharibi, mwanangu. Ukiridhika tutazungumza."

Nikatia mlio wa Hz 1,000 kutoka kwenye simu yangu, chaneli zote mbili kwa pamoja, kisha nikazungusha swichi ya muda mpaka mwisho wa kushoto, penye alama ya XY. Hapo muda hautazamwi tena: chaneli ya kwanza inaisukuma nukta kulia na kushoto, ya pili inaipandisha na kuishusha. Mlio ukiwa ni ule ule pande zote, lazima uone mstari mmoja ulionyooka, umelala kwa digrii 45. Niliuona, mwembamba kama uzi. Ungefunuka ukawa kama yai, ningejua chaneli moja inachelewa. Nilipanda hadi kHz 20, haukufunuka. Kwa sauti inatosha kabisa. Kwa redio usiitegemee XY ya mashine za namna hii, maana njia ya X ni nzito kuliko ya Y, na kadiri masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yaani Hz) yanavyopanda ndivyo mashine yenyewe inavyoongeza fezi isiyokuwepo, yaani kupishana kwa mawimbi mawili, ambako hupimwa kwa digrii.

Wiki ile ile nililetewa mfumo wa kikundi kimoja cha harusi. Malalamiko: besi inapotea ukisimama katikati ya ukumbi. Kila upande peke yake ulilia vizuri, na mita haikuonyesha kasoro. Nikapeleka mlio mmoja pande zote, kushoto nikatia X, kulia nikatia Y. Mstari ukalala kinyume, kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Hiyo ni digrii 180: spika moja inasukuma, mwenziwe anavuta. Kebo moja ya pini tatu ilikuwa imechomelewa pini ya 2 mahali pa 3. Dakika kumi, kazi imekwisha. Bila XY ningeshinda siku nzima nafungua makasha.

Nilipoirekebisha nikashusha mlio hadi Hz 50, na mstari ukafunuka ukawa yai. Nikaliweka katikati ya kioo, nikahesabu: yai zima kwa urefu lina miraba 6, na pale linapokata mstari wa wima wa katikati, kutoka juu hadi chini ni miraba 3. Gawanya 3 kwa 6 upate 0.5, na pembe ambayo sini yake ni 0.5 ni digrii 30. Kapasita moja ya kupitishia sauti ilikuwa imekauka. Nilipoibadilisha, yai likajifunga.

Kwa kulinganisha masafa nimeitumia kwenye jenereta ya kukodisha. X niliipa stima ya nyumbani, Hz 50, Y nikaipa jenereta, kila moja kupitia transfoma yake ndogo ya volti 6. Nawasihi mafundi wenzangu, msibane klipu ya probu kwenye stima moja kwa moja. Klipu ile imeungana na ardhi ya mashine. Utaunguza chombo au utajiumiza. Kwenye kioo, duara na mstari zilibadilishana kwa kasi. Nikageuza skrubu ya gavana, kidhibiti mwendo cha injini, taratibu mpaka mzunguko mmoja kamili ukachukua sekunde 2, yaani tofauti ya nusu Hz. Jenereta ingekuwa Hz 100 ungeona nane iliyolala, inagusa juu mara mbili na ubavuni mara moja. Hesabu hiyo ya miguso ndiyo uwiano wenyewe. Lissajous, yule Mfaransa ambaye michoro hii inaitwa kwa jina lake, aliipata katika miaka ya 1850 kwa vioo vilivyobandikwa kwenye uma za sauti na mwale wa taa. Kila nikiiona ikizunguka polepole huacha kila kitu nikaitazama.

Kasoro zipo. Kitufe cha kusogeza mchoro kwenye kioo kilikwaruza hadi nilipokisafisha kwa spirti, na feni hakuna, kwa hiyo mchana wa Kaskazi huwa naipumzisha.

Jambo moja la kuangalia ukienda. Katika XY pasipo mlio, nukta hutulia mahali pamoja na huweza kuunguza kioo, basi punguza mwanga kwanza. Ami ana nyingine mbili rafuni. Ile ya chini ina doa la kahawia katikati kabisa, hiyo usiichukue.