Ripgrep: imenitafutia mato na macho kwa pamoja

Hapa Langoni, Lamu, nawachapia watu barua, maombi ya kazi na mashairi ya arusi. Kazi ya miaka tisa imo ndani ya laptopu moja, na mteja huja na neno moja tu kichwani. Mwezi jana alikuja bibi wa Mkomani: "Mwanangu, nataka lile shairi la arusi ya mjukuu wangu, lenye mato." Jina la faili halijui, wala mimi silikumbuki.

Zamani ningetumia grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili. Ken Thompson aliiandika Bell Labs mwaka 1973, na mpaka leo Linux huja nayo. Naiheshimu. Lakini wiki sita sasa nimehamia ripgrep ya Andrew Gallant, iliyotoka 2016. Unaiita kwa herufi mbili, rg, nayo huingia yenyewe kwenye folda zilizo ndani ya folda, pale ambapo grep husubiri uiambie -r. Ni ya bure, na ukishaiweka haihitaji intaneti.

Mato ni macho kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, na mimi siku nyingine huandika hivi, siku nyingine vile. Nikaanza:

rg 'ma(ch|t)o'

Ule mstari wa wima maana yake "au". Yakaja mafuriko: machozi, matokeo ya mtihani, matone ya mvua. Nikaongeza -w ishike neno zima, -i isibague herufi kubwa na ndogo, na (ni)? ili machoni na matoni yasiachwe:

rg -iw -C 2 'ma(ch|t)o(ni)?'

Hiyo -C 2 huleta mistari miwili ya juu na miwili ya chini. Kwa mtu wa mashairi hii ndiyo raha yenyewe, ubeti unausoma papo hapo bila kufungua faili. Na wanaohangaika na ng'ombe, kwa kuwa ule mkato mara umenyooka mara umepinda, waandike 'ng.ombe'. Nukta hukubali herufi au alama yoyote moja.

Shairi la bibi halikuonekana. Nililiandika kwenye docx, faili ya Word, na docx ni zipu, maneno yake yamebanwa. Rg hupita bila kusema kitu. Anayeanza alijue hili mapema, kwa sababu nilikaribia kumwambia mama wa watu kwamba shairi lake limepotea. Huruka pia faili zilizofichwa na zilizotajwa kwenye .gitignore (orodha ya faili za kurukwa kwenye miradi ya Git), mpaka uandike -uuu. Nikaigeuza folda nzima kuwa maandishi matupu kwa soffice, amri ya LibreOffice:

soffice --headless --convert-to txt *.docx

Nikarudia amri ya rg, likaja. Nilipomsomea ubeti wa kwanza bibi alinishika mkono. Nilikuwa nimeandika macho, na kina cha ubeti ule ni -to. Nikalisahihisha mbele yake kabla ya kulitoa kwenye printa.