Faiba za data senta: usichague kwa rangi, anza na umbali na spidi

Haya wadau, karibuni. Leo mezani nina kebo nne za faiba, yaani nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga: OM3, OM4, OM5 na hii ya njano OS2, na swali ni lile lile mnaloniuliza kila siku, ipi ifungwe data senta? Jibu nalitoa sasa hivi usije ukakaa kunisubiri: kama ni kebo ya kudumu, ile inayotoka raki moja mpaka chumba kingine kabisa na ukishaifunga hutaki kuigusa tena, vuta OS2. Kama ni pachi, kebo fupi ya kuunganishia, ndani ya safu moja na transiva zako (vile vifaa unavyochomeka kwenye swichi vigeuze umeme kuwa mwanga) ni za maltimodi tayari, OM4 inatosha. Nitaeleza kwa nini.

Hizi OM zote tatu ni maltimodi, njia ya mwanga ndani yake ina upana wa maikroni 50 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na OS2 ni singomodi, mwanga unapita njia moja, upana kama maikroni 9 tu. Sasa mtu anaona kubwa ndo bora, hapana. Kwenye ile pana mwanga unapita njia nyingi kwa wakati mmoja, mingine inawahi mingine inachelewa, kwahiyo ukifika mwisho mapigo yameshaanza kuchanganyikana, na kadiri unavyopandisha spidi ndivyo umbali unavyokatika. Cheki namba, na herufi kama SR, LR, DR na FR ni majina tu ya aina za transiva: kwenye giga 10 SR, OM3 inakupa mita 300 na OM4 mita 400. Ukienda giga 100 SR4, OM3 inabaki na mita 70, OM4 mita 100. Kebo ni ile ile, haijaharibika, haijakatwa, umebadilisha swichi tu na linki inagoma kuwaka kwa sababu ilivutwa mita 120 kipindi cha giga 10 na kila mtu alikuwa anafurahi.

Singomodi haikusumbui hivyo. OS2 ile ile iliyobeba giga 10 LR kwa kilomita 10, leo unaweka DR4 ya giga 400 mita 500 (hii inataka nyuzi nane), au FR4 kilomita 2, unabadilisha transiva za mwisho tu, kebo iko pale pale. Mimi hilo ndo linanifanya niipende kuliko zote, kwa sababu kazi ngumu kwenye data senta sio kununua kebo, ni kuivuta, kufungua trei zilizojaa, kusogeza kebo za watu wanaofanya kazi.

"Lakini singomodi ni ghali." Hapa tutenganishe vitu viwili. Kebo yenyewe mara nyingi ni rahisi kuliko OM4, ghali ni transiva, maana za maltimodi zinatumia leza ndogo za nanomita 850 ambazo ni rahisi kutengeneza. Kwahiyo ukiwa na linki mia kadhaa fupi fupi, hesabu ya transiva inaumiza kweli na hapo OM4 inastahili pesa yako, sibishi. Na chini ya mita 3, swichi na sava ziko raki moja, hata faiba huhitaji, weka DAC, kebo ya shaba yenye vichwa vyake tayari, inakula umeme kidogo na haina kichwa cha kusafisha.

OM5 hii ya kijani cha ndimu. Kwenye nanomita 850 ni sawa na OM4, sawa kabisa. Faida yake inakuja pale transiva inapotuma rangi kadhaa za mwanga kwenye jozi moja, kuanzia 850 mpaka karibu 953. Kama unatumia SR4 za kawaida umelipia kitu usichokitumia, na bahati mbaya mtu anauziwa akiambiwa ni OM4 iliyoboreshwa, inaenda mbali zaidi. Kwa SR4 haiendi.

Na rangi, jamani. OM3 na OM4 zote zinaweza kuja na rangi ile ile ya akwa, tazama hizi mbili nikiziweka pamoja, utasema pacha. Isogeze karibu usome maandishi kwenye ganda, hapa imeandikwa 50/125 OM4, hiyo ndo ya kuamini.

Sasa vichwa vya MPO, vile vinavyobeba nyuzi nyingi kwenye kichwa kimoja, hapa ndo watu wanalia. Hiki cha kijani ni APC, uso wake umekatwa mshazari digrii 8, na DR4 inataka hiki. Ukikiunganisha na chenye uso bapa, mwanga haupiti vizuri na unaweza kukwaruza vyote viwili. Halafu kuna pini: transiva inakuja na pini zake, kwahiyo kebo inayoingia kwake iwe ya matundu. Na polariti, yaani mpangilio wa uzi upi unatokea wapi, ukiunganisha transiva na transiva moja kwa moja agiza aina B, maana uzi wa 1 unatokea nafasi ya 12, yaani anayetuma anakutana na anayepokea. Ukichukua aina A utakaa na linki iliyozima huku kila kifaa ni kizima.

Kabla hujaagiza piga hesabu ya upotevu wa mwanga njiani pia, unapimwa kwa desibeli. SR4 ya giga 100 kwenye OM4 inaruhusu desibeli 1.9 tu kwa njia nzima, na 1.5 ndo ya maungio. Kiwango cha TIA, chama cha Marekani cha viwango vya mawasiliano, kinaruhusu ungio moja lipoteze mpaka 0.75, kwahiyo maungio mawili ya kawaida yameshamaliza. Ukiwa na pachi paneli pande zote mbili, lipia vichwa vya upotevu mdogo, hapo usibane.

Ganda la kebo, kama inapita sehemu yenye watu chukua aina ya LSZH, ikiungua moshi wake ni mdogo na hauna gesi ya halojeni, na juu ya dari kunakopita hewa fuata sheria ya jengo lako. Kwenye raki zilizobanana omba uzi wa singomodi wa aina ya G.657.A1, unavumilia kukunjwa mpaka nusu kipenyo cha milimita 10, wakati ule wa G.652.D unataka 30.

Na kebo mpya kabisa, imetoka kwenye mfuko na kofia yake, iangalie kwa hadubini, isafishe, iangalie tena ndo uchomeke. Kofia huwa inaacha uchafu, na kwa njia ya maikroni 9 chembe moja ya vumbi inatosha kuiziba. Nitumieni kwenye komenti umbali wenu, spidi mliyonayo na mnayotaka kwenda, nitawajibu ipi ifungwe.