Kibao cha Kwanza cha Kuchorea: Kichunguze kwa Mstari wa Mshazari

Kibao changu cha kwanza cha kuchorea, yaani kile kifaa bapa kinachounganishwa na kompyuta ili unachokichora juu yake kwa kalamu yake kitokee kwenye skrini, nilikinunua kwa sababu ya namba moja iliyochapwa kwa herufi nene kwenye kasha lake: 8192. Hivyo ndivyo viwango vya mkandamizo, yaani hatua za nguvu ya kubonyeza, ambavyo kalamu yake ilidaiwa kuvitambua, nami, kwa kuwa sikuwahi kushika kifaa cha aina hiyo, niliona kwamba namba kubwa ndiyo ubora wenyewe. Kwa miezi kadhaa nikaulaumu mkono wangu. Kila nilipochora taratibu ukingo wa shavu au mkunjo wa nguo, mstari ulitoka na mawimbi madogo, kana kwamba nachora nikiwa ndani ya gari linalopita kwenye barabara ya mashimo. Siku moja nililaza rula juu ya kibao kwa mshazari, nikaiburuza kalamu pembeni yake polepole, na mawimbi yale yale yakajitokeza, yakiwa yamepishana kwa umbali ulio sawa tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho. Mkono wa binadamu hautetemeki kwa vipimo.

Chanzo chake kinaeleweka. Chini ya uso wa kibao umetandazwa mtandao wa nyaya nyembamba, na kifaa hukadiria mahali kalamu ilipo kwa kulinganisha nguvu ya ishara inayopokewa na nyaya zilizo jirani. Hesabu hiyo ikikosea kidogo kila kalamu inapovuka kutoka waya mmoja kwenda mwingine, mstari hupinda na kurudi. Mstari uliolala sambamba na nyaya huficha kasoro hiyo, na mkono wenye kasi huificha pia, ila mstari wa mshazari unaochorwa polepole huianika yote. Baadhi ya watengenezaji huifunika kwa kuulainisha mstari ndani ya draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kukielewa kibao, na gharama ya dawa hiyo ni kwamba kishale cha kwenye skrini hubaki nyuma ya kalamu kama mtoto anayeburutwa sokoni.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba kukijaribu. Fungua Krita, ambayo ni programu ya bure ya kuchorea, zima ulainishaji wote wa mstari, chagua brashi nyembamba, kisha chora mstari wa mshazari kando ya rula kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Kama unanunua kwa mbali, mwombe mtu mwenye kibao cha aina hiyo hiyo akutumie picha ya mstari kama huo. Kuhusu viwango vya mkandamizo, usikeshe ukivihesabu: picha ya kawaida ya biti 8 ina hatua 256 tu kwa kila rangi ya msingi, hivyo hata kibao chenye viwango 2048 kinazo hatua mara nane ya hizo.

Chaguo langu la kwanza ni One by Wacom ndogo, na sifichi kwamba naipendelea kampuni hii ya Kijapani. Eneo lake la kuchorea ni milimita 152 kwa 95, viwango vyake ni 2048, haina hata kitufe kimoja juu ya kibao, na mwenye kuinunua kwa kutazama kasha hatavutiwa na lolote. Hata hivyo mistari yake ya polepole hutulia, na kalamu yake huitikia mguso mwepesi mno, jambo linalompa mchoraji mwanzo wa mstari uliochongoka kama unywele. Wacom Intuos ndogo ina eneo lile lile, viwango 4096 na vitufe vinne. Ichukue ukiweza, lakini usikope kwa ajili ya vitufe.

Nafasi ya pili naipa XP-Pen Deco 01 V2, hasa kwa wale wanaochora kwa kuusogeza mkono mzima kutoka begani, kwa sababu eneo lake ni milimita 254 kwa takriban 159, na kalamu yake hutambua mwinamo hadi nyuzi 60, uwezo ambao One by Wacom haina. Iliupita mtihani wa rula vizuri kuliko nilivyotarajia. Ya tatu ni Huion Inspiroy H640P, nyembamba, yenye vitufe sita, inayomfaa mwenye meza ndogo. Vilivyo rahisi kuliko hivi, visivyo na jina wala draiva inayohuishwa, sivipangi nafasi yoyote.

Vibao vyenye skrini ndani yake viache kwanza. Mkono huzoea kuchora juu ya kibao huku macho yakitazama skrini ya kompyuta, na usipoharakisha, wiki chache zinatosha.

Sasa niseme lililonikaa kooni kuhusu wauzaji. Wengi hutangaza ukubwa wa kifaa kizima, pamoja na kingo na vitufe, ilhali kinachokuhusu ni eneo la kuchorea peke yake, nawe hugundua tofauti hiyo ukiwa umeshafungua kasha. Hakuna anayekwambia kwamba kibao chenye uwiano wa 16 kwa 10 kikiunganishwa na skrini ya 16 kwa 9 kitageuza duara lako kuwa yai, mpaka uiamuru draiva ishike uwiano. Kinachoniudhi zaidi ni kalamu. Ncha huliwa na uso wa kibao, na uso unaokwaruza kama karatasi, ule unaosifiwa sana, huzila haraka zaidi. Hilo ni la kawaida na ncha za akiba huja ndani ya kasha. Lakini kalamu yenyewe ikipotea, utaambiwa bei inayokaribia ya kibao kizima, au utaambiwa kwamba toleo hilo limekwisha na kalamu ya toleo jipya haisomwi na kibao chako. Mimi niliyajua hayo nikiwa na kibao kizima mezani, kalamu imepasuka, na muuzaji ananishauri kwa upole ninunue kingine. Tangu hapo, swali langu la kwanza dukani, hata kabla ya rula, ni kama kalamu ya akiba ya toleo hilo ipo rafuni siku hiyo hiyo.