Connaught Type B: breki bora, mfuko mwembamba

Wapenzi wengi wa langalanga hulikumbuka jina la Connaught, timu ya Kiingereza iliyounda magari ya mbio miaka ya 1950, kwa ushindi mmoja tu, nami naona hukumu hiyo inalipunja gari lenyewe. Nilibahatika kulitazama Type B kwa karibu pale Goodwood, Uingereza, ambako magari ya zamani hushindanishwa kila mwaka, na sikubanduka kando yake hadi mafundi walipolisukuma kwenda kuwashwa.

Sifa yake kuu ni breki. Magurudumu yote manne yana breki za diski za Dunlop, ilhali Maserati 250F ya Italia, mpinzani wake mkubwa, ilikuwa bado na breki za ngoma, ambazo zikishapata moto hulegea na kumlazimu dereva apunguze mwendo mapema. Giaboksi ya Wilson nayo inanipendeza ingawa ni nzito: dereva huchagua gia kabla hajaifikia kona, kisha hukanyaga pedali pale anapoihitaji, na gia ikaingia bila kuhangaika.

Ubora huo ulidhihirika katika mbio za Syracuse, kisiwani Sicily, ambako ushindi ule mmoja ulipatikana mwezi Oktoba 1955. Tony Brooks, mwanafunzi wa udaktari wa meno mwenye umri wa miaka 23, hakuwa amewahi kuendesha gari la Formula One, lakini alimwacha Luigi Musso wa Maserati kwa karibu sekunde 50. Tangu mwaka 1924, Mwingereza hakuwa ameshinda Grand Prix nje ya nchi yake akiwa ndani ya gari la Kiingereza. Wapo wanaosema ushindi ule haukuhesabiwa katika ubingwa wa dunia, na ni kweli, ila timu rasmi ya kiwanda cha Maserati iliyokuja kushindana siku ile haikuja kutalii.

Kasoro zipo, na sitazificha. Injini ya Alta, yenye silinda 4 na ujazo wa lita 2.5, ilizidiwa nguvu na injini za Kiitaliano kwenye barabara ndefu zilizonyooka. Bodi ya kwanza, iliyofunika hadi magurudumu ili kukata upepo, ilikuwa nzuri sana kwa macho lakini adha kwa mafundi, kwa sababu sehemu yote ya juu ilikuwa kipande kimoja kikubwa cha kunyanyuliwa kila walipotaka kugusa kitu ndani. Walifanya vyema kuiacha na kurudi kwenye bodi ya kawaida, magurudumu yakiwa wazi.

Hata hivyo, kilichoiangusha Connaught hakikuwa chuma. Waanzilishi wake, Rodney Clarke na Mike Oliver, walifanya kazi katika karakana ndogo kijijini Send, Surrey, wakitegemea zaidi mfuko wa Kenneth McAlpine, na mfuko wa mtu mmoja hauwezi kushindana na viwanda miaka nenda miaka rudi. Inaniuma zaidi kwamba gari lilikuwa bado linapanda: mwaka 1956 Ron Flockhart alimaliza wa tatu Monza, Italia, na Mei 1957 Stuart Lewis-Evans akawa wa nne Monaco. Baada ya Monaco timu ilifungwa. Magari yalipigwa mnada mwaka huohuo, na mawili kati yake yalinunuliwa na kijana mfanyabiashara aliyeitwa Bernie Ecclestone.