Kamera ya kupigia video za skeiti: inunue kwa sikio

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wasomaji siku hizi yanafanana. Mtu ameweka akiba, amenunua kamera mpya inayorekodi 4K, ameingia uwanjani na wenzake na kurudi na video safi ambayo kila punje ya zege inaonekana. Wakikaa kuitazama, wote wanaiona imepooza. Wanadhani tatizo ni rangi, wanaanza kuhangaika na vichujio. Mimi nikitumiwa video hizo hufumba macho nikasikiliza, na jibu huwa hapo hapo: skeiti, ule ubao wa magurudumu, haisikiki. Kuna upepo, kuna rafiki anayeshangilia, lakini ubao wenyewe uko mbali, kama vile unachezewa chumba cha pili.

Kwa hiyo humu sitagusa megapikseli, uzito wala muda wa betri. Hayo yameandikwa kila mahali. Nazipanga kamera kwa jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji kamwe: zinasikiaje.

Mtu asiyecheza anaweza kuona nakuza mambo. Fikiria oli ya kawaida, ule mruko ambao mchezaji anapaa na ubao bila kuushika kwa mikono. Mkia wa ubao unagonga chini, ile popu kavu na fupi. Kisha kimya, ubao uko hewani. Kisha magurudumu manne yanatua. Yakitua kwa pamoja unasikia mpigo mmoja. Yakitua mawili mawili unasikia mipigo miwili, na kila mchezaji aliye chumbani anajua kwamba mbinu haikutua vizuri hata kama picha imemficha. Traki, yaani chuma cha chini kinachoshika magurudumu, ikipita juu ya ukingo wa zege inakwaruza, ikipita juu ya reli ya chuma inalia. Na kila mahali pana sauti yake. Southbank, uwanja wa skeiti wa London, iko chini ya jengo, dari ya zege inarudisha kila mpigo. LOVE Park ya Philadelphia, Marekani, bustani waliyoipenda wachezaji, ilibomolewa mwaka 2016 ili ijengwe upya, na jinsi vigae vyake vya mawe vilivyokuwa vikiitikia kila popu pale pale, sasa utaisikia kwenye video tu. Waliopiga video pale kwa kamera yenye masikio mazuri wametuwekea kitu ambacho hakuna mchoraji ramani angeweza kukihifadhi.

Kamera nyingi za leo, na simu zote, zimetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayezungumza. Ndani yake kuna programu inayopandisha na kushusha kiwango cha sauti yenyewe. Popu inapokuja, programu inaichukulia kuwa kelele, inashusha kila kitu, halafu inachelewa kupandisha tena. Katika ucheleweshaji huo ndimo kutua kunamopotea, na pia ule mlio wa magurudumu yakiondoka baada ya mbinu, ambao kwangu ndio utamu wenyewe. Baadaye faili inabanwa ili isichukue nafasi, na kilichobaki cha ukali wa popu kinaondoka nacho. Hakuna kiasi cha 4K kitakachokurudishia.

Nafasi ya kwanza: Sony VX1000

Sifichi upendeleo wangu. Kwa skeiti mimi ni mtu wa Sony, na hasa wa familia ya VX. VX1000 ilitoka mwaka 1995, inarekodi kwenye kanda ndogo za MiniDV, picha yake ni ya 4:3 na si HD. Pamoja na hayo, sijasikia kamera nyingine inayoshika popu kama hii.

Sababu zake zinaeleweka. Muundo wa DV, yaani namna kanda hizo zinavyorekodi, unahifadhi sauti bila kuibana, na ukitumia biti 16 unapata sampuli 48,000 kwa sekunde, sawa na vifaa vya studio vya wakati ule. Pili, kamera ina mpini juu, na maikrofoni imetokeza mbele, juu ya lenzi. Mpigaji anaushika mpini, anaishusha kamera hadi karibu na ardhi, anaweka lenzi ya jicho la samaki, inayoona kwa upana sana, na kumfuata mchezaji kwa ukaribu unaotisha. Maikrofoni nayo inajikuta karibu kabisa na magurudumu. Watu wanasifu picha ile ya pembe pana wakasahau kwamba ukaribu huohuo ndio uliozaa sauti.

Udhaifu wake? Haina skrini ya kufungua pembeni, unachungulia kwenye kitundu tu. Mitambo ya kanda imezeeka. Na utahitaji tundu la FireWire, aina ya zamani ya kuunganisha kamera na kompyuta, kuhamisha video, kitu ambacho kompyuta mpya hazina tena, kwa hiyo tafuta kwanza kompyuta ya zamani ya kufanyia kazi hiyo. Saa moja ya kanda inakula takriban GB 13.

Sasa niseme kuhusu wanaoziuza, maana hapa damu yangu inachemka. Tangazo linaandikwa "haijajaribiwa, sina kanda". Mtu ana kamera ya video, anataka bei ya juu, na hawezi kutafuta kanda moja aijaribu? Anajua. Picha inayoonekana kwenye kitundu haithibitishi chochote, kwa sababu inatoka kwenye lenzi moja kwa moja bila kugusa kanda. Kamera inaweza kuonyesha picha nzuri huku kichwa cha kusomea kanda kimekufa. Usilipe hadi muuzaji akutumie video ya kamera hiyo ikirekodi, ikirudisha kanda nyuma na kucheza ilichorekodi. Mwombe apige makofi mbele ya kamera, upande wa kushoto kisha wa kulia, nawe usikilize kwa spika za masikioni: upande mmoja ukiwa kimya, maikrofoni au waya wake umekwisha. Picha ikikatika vipande vya mraba na sauti ikikatika nayo, kichwa ni kichafu au kimechakaa, na hayo mawili bei zake za kutengeneza hazifanani hata kidogo. Muulize pia kama tundu la FireWire limejaribiwa, kwa sababu huungua.

Kuhusu lenzi, ile ya Century Optics inayoitwa Mk1 imekuwa ikiuzwa ghali kuliko kamera yenyewe. Kioo chake cha mbele kimevimba nje kama jicho la kinyonga, hivyo ndicho cha kwanza kugongwa na ubao. Wauzaji wanaipiga picha kwa mwanga ulionyooka ili mikwaruzo isionekane. Dai picha yenye taa ya pembeni. Akikataa, achana naye. Bei hizi zimepandishwa na watu wanaonunua ili waweke kabatini, huku vijana wanaotaka kupiga video za marafiki zao wakiambiwa wangoje. Inaniudhi kila nikiona tangazo jipya.

Nafasi ya pili: Sony VX2000 na VX2100

VX2000 ilitoka mwaka 2000, VX2100 ikafuata. Kwa mtu anayeanza, hii ndiyo ninayomwambia atafute. Skrini ipo, na gizani inaona vizuri kuliko VX1000, jambo kubwa kwa wanaocheza usiku chini ya taa za barabarani. Sauti bado ni DV isiyobanwa. Masikio yangu yanaiona imefunikwa kidogo, popu haichomozi vilevile, ila tofauti hiyo ni ndogo ukilinganisha na bei unayookoa. Fungua menyu ya sauti na uhakikishe iko biti 16, si 12. Kwenye skrini ukiona msimbo wa C:31 au C:32 hilo ni tatizo la mitambo; C:22 ni kichwa kichafu tu, na kanda ya kusafishia inaweza kukiponya.

Nafasi ya tatu: Panasonic HVX200 au HPX170

Ukitaka HD na sauti yenye uzima, njoo hapa. HVX200 iliuzwa kuanzia mwishoni mwa 2005, HPX170 ikaja 2008 ikiwa nyepesi zaidi na bila kanda. Zote zinahifadhi sauti bila kuibana kwenye P2, kadi za kumbukumbu za Panasonic, na zina matundu mawili ya XLR ya kuchomekea maikrofoni za kitaalamu. Kasoro yake ni kadi hizo. Kadi ya GB 8 kwa ubora wa juu inajaa baada ya dakika kama nane hivi, na mbinu moja ngumu inaweza kukumalizia kadi nzima kabla haijatua. Usinunue kamera bila kadi mbili ndani ya bei.

Nafasi ya nne: kamera mpya zenye lenzi za kubadilisha

Panasonic GH5 ya mwaka 2017 na nyingine za aina yake zina picha ninayoiheshimu. Maikrofoni yake ya ndani usiitegemee. Nunua ya nje, weka kamera kwenye fremu yenye mpini wa juu, zima marekebisho ya sauti ya kujiendesha, na pima kiwango kwa popu yenyewe wala si kwa mtu anayesema "moja, mbili". Ukiifunga kwenye kishikio chenye mota na kuishika usawa wa kifua, umeitenga maikrofoni na ardhi.

GoPro na simu: zima kupunguza upepo, zitoe kwenye kasha, sogea karibu. Basi.

Bajeti ikiruhusu kitu kimoja zaidi, usikimbilie taa. Nunua magurudumu laini ya ubao wako wewe unayemfuata mchezaji. Mchezaji yuko kwenye ugumu wa 99A au 101A, na ukimfuata kwa magurudumu kama yake kamera itarekodi kelele za magurudumu yako. Ya 78A, yenye kipenyo kikubwa kidogo, yanapita kimya hata kwenye lami mbaya, na popu yote inabaki ya mwenzako.