Tairi za AT kwenye Hilux: uzoefu wangu kati ya Uyole na Kitulo

Niseme mapema ili asiye na muda asisumbuke kusoma yote: kwa pikapu inayopiga kazi huku kwetu, yaani Uyole, Isyonje, Kitulo, Makete mpaka Njombe na kurudi barabara kuu, chukua AT, yaani tairi ya njia zote, lami na vumbi, yenye ile alama ya mlima na theluji ubavuni. Hizo MT, tairi za tope zenye meno makubwa, ambazo vijana wanazipenda kwa sababu gari linaonekana la kibabe, waachie wanaoishi ndani ya tope mwaka mzima. Mi natumia Hilux dabo kebini, napandisha mbegu za viazi, mbolea na dawa za shamba, nikishuka nashuka na viazi na abiria wawili watatu ambao roho haikubali kuwaacha njiani kwenye baridi. Tairi zenyewe zimeshakula masika na zimeshakula kipupwe, kwa hiyo sisemi habari za tairi iliyotoka dukani juzi.

Najua kuna atakayecheka, theluji gani Mbeya? Theluji hatuna, sawa, ila Kitulo kule juu ni kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari na Juni Julai usiku unagonga sifuri, ukiamka majani yote meupe, kioo cha gari unakwangua. Sasa mpira wa tairi ya kawaida ukishuka chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kukakamaa, na mpira uliokakamaa haushiki lami, hasa lami yenye maji. Tairi yenye alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji katikati imetengenezwa kwa mpira unaobaki laini kwenye baridi, afu kwenye meno yake imechanjwa vimstari vyembamba vingi, hivyo ndo vinavyong'ata. Ile alama haitolewi hivihivi, tairi inapimwa kwanza kwenye theluji. Maandishi ya M+S (tope na theluji) peke yake ni kampuni imeamua kuandika, hakuna kipimo nyuma yake, na Ujerumani tangu Oktoba 2024 ukiwa na M+S tupu hawaikubali tena kama tairi ya baridi. BFGoodrich KO2 inayo hiyo alama, Yokohama Geolandar A/T G015 nayo inakuja nayo kwenye saizi nyingi. Zangu ni za kampuni nyingine na sitaitaja maana mabaya yake nayo nitayasema humuhumu.

Tofauti nimeiona wapi? Kushuka Isyonje kuja Uyole alfajiri, ukungu umelala barabarani, lami imelowa, na pikapu tupu nyuma nyepesi kabisa. Na zile HT za mwanzo, yaani tairi za lami, ukigusa breki kwenye kona mkia ulikuwa unataka kutangulia. Hizi zinatulia. Ila tusidanganyane, pakiganda barafu yenyewe utateleza tu hata uwe na alama kumi, na hiyo alama haijapimwa kwenye tope, kwa hiyo usiinunue ukidhani ndo umemaliza masika.

Na usichanganye hii na zile tairi za baridi za Kijapani zinazokuja na magari ya mtumba, ubavuni zimeandikwa STUDLESS. Zile ni laini mno, zimetengenezwa kwa barafu ya kwao, ukishuka nazo Igawa na Chimala mchana kwenye joto la bonde la Usangu zinasinyaa kama kifutio. Kuna watu wanauziwa kwa sifa kwamba "meno bado mapya". Meno mapya ndiyo, kwa miezi.

Siku ya kununua nilizunguka sana Mwanjelwa. Jamaa wa duka la kwanza alinishikilia kweli, "bosi wangu chukua MT hii, hakuna mlima utakaokusumbua", nikamwambia kaka, na lami yote ya kutoka hapa mpaka Makambako utakuja kuniendeshea wewe na hizo kelele? Akacheka, akapunguza bei, bado sikuchukua. Safari zangu nyingi zaidi ya nusu ni lami. Kule MT inanguruma, inakula mafuta, inaisha haraka, na kwenye mvua inachelewa kusimama maana meno yake ni mabonge machache yenye mapengo, mpira unaogusa barabara ni kidogo. Sasa Njombe mpaka Makete lami imefika, hesabu ndo imezidi kuegemea AT.

Ushauri ulionisaidia kuliko wote sikuupata dukani, niliupata kwa mzee mmoja fundi pancha pale Uyole, nilimpa shikamoo nikamweleza nataka nini, akasema "mwanangu, tafuta kwanza namba nne, uzuri wa meno baadaye." Namba nne ni zile za mwisho kwenye mstari ubavuni unaoanza na herufi DOT, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huku mikoani tairi inaweza kukaa stoo miaka, inapigwa jua mlangoni, muuzaji anaipaka dawa inang'aa, wewe unaona mpya. Duka moja walinitolea tairi nzuri kwa macho, kusoma namba nikakuta imekaa miaka sita, nikaaga kwa adabu. Na angalia mstari wote uko upande upi, mara nyingi namba za tarehe zinakuwa ubavu mmoja tu, ikiwa imeshafungwa kwenye rimu upande wa ndani itabidi uinamie chini ya gari, inama tu usione aibu.

Saizi yangu ni 265/65R17. Hapo kuna aina mbili na wengi wanapita bila kuziona: ya kawaida, unakuta imeandikwa 112, maana yake kila tairi inabeba kilo 1,120, na ile inayoanza na LT, ya magari ya mizigo, imeandikwa 120/117, hiyo moja inafika kilo 1,400. LT ina nyuzi nyingi na ubavu mgumu. Mi nilichukua LT kwa sababu ya mawe ya ile barabara ya Chimala kwenda Matamba, ile ya kona hamsini na saba, wanaoijua wanaijua, kule kinachokuliza si pancha ya msumari, ni jiwe kuchana ubavu, na ubavu ukichanika hakuna kiraka, unatupa tairi. Mpaka sasa bavu zina mikwaruzo tu. Lakini LT ina masharti yake. Kwanza ni nzito, mafuta utayasikia. Pili inataka upepo zaidi ya ule ulioandikwa kwenye stika ya mlango, maana ule umeandikiwa tairi ya kawaida. Mi mzigo ukijaa naenda mpaka PSI 45 (kipimo cha upepo), nikiwa tupu 35, na hapo kwenye 35 tupu bado inarusha, abiria wa nyuma wanalalamika mgongo. Kama gari lako ni la familia, la kwenda kazini na shamba wikiendi, chukua ya 112, LT itakutesa bure.

Kuna mtu atakwambia panda 265/70R17 gari linyanyuke. Inanyanyuka kweli, kipenyo kinaongezeka kama milimita 27, sentimita moja na ushee chini ya difu, ila kisahani cha spidi kinaanza kusema uongo wa kama asilimia tatu, kinasoma chini ya mwendo wako, na kule vijijini kwenye 50 askari mwenye tochi hasikilizi habari za kipenyo. Pia ukikata kona kali kuna Hilux tairi inasugua madigadi. Nikabaki na saizi ya kiwandani.

Haya, tope. Hapa ndo watu wanataka kusikia. Kwenye tope la juujuu, changarawe iliyolowa, majani, mchanga, AT inapita vizuri sana na mara nyingi hata foo wili sijaingiza. Tatizo ni ule udongo wa mfinyanzi, ule mwekundu mzito wa mashambani baada ya mvua ya Machi, unajaa kwenye meno, mapengo yote yanaziba na unabaki na kipara kinachozunguka. MT ingeutema, AT haiutemi. Hapo hakuna sifa, nimekwama, nimesukumwa na wanakijiji, ndaga fijo kwao, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kinachosaidia ni kushusha upepo kabla hujaingia na sio baada ya kuzama: nashusha mpaka 20, tairi inalala, inagusa chini eneo refu zaidi, naweka foo wili loo, gia ya pili, mguu mwepesi bila kuizungusha. Ukitoka tu ujaze, maana kwenye 20 ukikimbia tairi inachemka na ukikata kona kwa kasi inaweza kuchomoka kwenye rimu. Kwa hiyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri na geji ya upepo ni lazima, havina bei kubwa. Na kama Fuso za viazi mbele yako zimeanza kufunga minyororo, we paki, agiza chai.

Geji hiyohiyo itakusaidia na baridi. Upepo unashuka kama PSI moja kwa kila nyuzi tano sita za baridi, ukijaza Makete mchana wa jua nyuzi 24 ukalala hapohapo, alfajiri ya nyuzi 2 umeshapoteza kama nne. Watu wanadhani wametobolewa.

Mabaya mengine ya hizi zangu: meno ya nyuma yananyofoka vipande kwenye kokoto kali, sio ya kutisha ila kwa bei ile inaudhi. Mlio upo kuanzia 80 hivi, si wa MT, ila redio unaongeza. Vijiwe vinanasa kwenye meno, mpaka uvichokoe na bisibisi. Na nilipofungiwa, mashine ya balansi ya pale ilizishindwa, usukani ukawa unatetemeka mpaka nilipozipeleka kwingine zikarudiwa, kwa hiyo usiondoke gerejini kabla hujalijaribu gari kwenye lami. Kila kama kilomita elfu nane namwambia fundi azihamishe mbele nyuma, la sivyo za mbele zinaliwa pembeni kwa hizi kona zetu.

Bei, moja ilinitoka laki tano na kidogo, na nilinunua tano. Hiyo ya tano wengi wanairuka ili kuokoa hela, wanabaki na spea ya saizi nyingine, siku ikifungwa nyuma halafu ukaingiza foo wili kwenye utelezi, magurudumu hayazunguki sawa na gia za foo wili ndo zinazolia. Zikiisha nitarudia AT yenye alama ileile, LT tena, ila nitatafuta ya kampuni nyingine yenye meno yasiyonyofoka, na nitanunua mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, kila mtu akiwa bado anaendesha vipara na wenye maduka wanasikiliza bei.