Fila ya jeli kwenye bonyeo la paji la uso: nyota nne, na kwa nini si tano

Bonyeo langu lina upana wa milimita 25 na kina cha milimita 3, na liko sentimita tatu juu ya nyusi. Limejazwa kwa fila (jeli ya kudungwa chini ya ngozi) ya asidi ya hayaluroni: mililita 0.5 mara ya kwanza, 0.2 wiki nne baadaye. Ganzi ya krimu, tundu moja la kuingilia, na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Matokeo nayapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu jeli hii haidumu, na kwa sababu hatari yake kubwa haitajwi kwenye matangazo.

Kwanza ujue una bonyeo la aina gani, maana hilo ndilo linaloamua kila kitu. Huenda mfupa umedidimia baada ya ajali, au mafuta ya chini ya ngozi yameyeyuka baada ya pigo, au ngozi yenyewe imekonda, au kovu limenasa chini na kuivuta. Fila ikipelekwa kwenye tabaka lisilohusika, inatuna pembeni na shimo linabaki palepale.

Vidole vyako vinakupa nusu ya jibu. Bana ngozi ya bonyeo kwa vidole viwili uisogeze huku na huku. Ikiteleza sawa na ya upande wa pili, kilichopungua kiko chini yake. Ikigoma katikati, kuna kovu limeishika. Kisha inua nyusi mbele ya kioo: bonyeo linalozidi kuzama misuli inapokaza lina mshiko na misuli hiyo. Mwisho bonyeza taratibu mpaka uguse mfupa, ukilinganisha na upande mwingine. Ukisikia ukingo kama ngazi, usiende kudungwa chochote kabla ya picha ya CT ya vipande vyembamba, milimita 1 au pungufu. Ndani ya mfupa wa paji, juu ya nyusi, kuna chemba ya hewa inayotoa ute wake puani. Ufa wa zamani ukiwa umeziba njia ya ute huo, tatizo si urembo tena.

Hali mbili hazitaki haraka. Ya kwanza ni bonyeo lililotokea baada ya sindano ya steroidi, tuseme ya kutibu kovu au upara wa madoa. Mara nyingi hujaa tena lenyewe ndani ya miezi kadhaa hadi mwaka. Ya pili ni mstari wa wima unaoshuka kutoka kwenye nywele, ngozi yake inang'aa au imebadilika rangi, na nywele zimepotea njiani. Huo unaweza kuwa morfea ya mstari, ugonjwa unaokausha ngozi na vilivyo chini yake. Mwenye mstari huo apelekwe kwa daktari wa ngozi. Ugonjwa ukiwa bado hai, kujaza ni kumwaga maji kwenye pakacha.

Kiasi cha jeli ni hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe. Laza ukingo wa rula juu ya bonyeo, simamisha kijiti cha meno mpaka kiguse ngozi, weka alama ya kalamu kinapokutana na rula, kisha pima. Bonde la mviringo lina ujazo unaokaribia nusu ya eneo la mdomo wake mara kina. Kwa upana wa milimita 25 na kina cha 3 unapata milimita za ujazo kama 740, yaani mililita 0.74. Kliniki ya kwanza ilikuwa tayari kuuza mabomba mawili ya mililita 1 kila moja, bila hata kuligusa paji. Ukienda na namba yako mkononi, mazungumzo ya aina hiyo yanakuwa mafupi.

Alama zichorwe ukiwa umeketi, taa ikiwa juu ya kichwa. Taa ya mbele hulifuta bonyeo, na ukilala chali ngozi hujipanga upya ukashindwa kulitambua. Daktari aliyechora mgonjwa akiwa amelala, mimi ningemwomba aanze upya.

Kanula, yaani mrija mwembamba wa kupitishia jeli, iliyotumika ni geji 25, urefu milimita 38, ncha butu. Tundu lilitobolewa kwa sindano pembeni mwa paji, kanula ikaingia chini ya misuli mpaka kwenye utando wa mfupa, ikateleza hadi bonyeo. Unasikia mkwaruzo mkavu kichwani kuliko unavyosikia maumivu. Jeli hutolewa kidogo kidogo, mililita 0.05 hivi kwa kila hatua, polepole, huku kidole cha mkono wa pili kikiwa juu ya ngozi. Tabaka hilo la chini lina faida mbili: kingo za jeli hazionekani kwa nje, na haitoi rangi ya bluu inayojitokeza jeli ikikaa juujuu kwenye ngozi nyembamba.

Sasa hatari. Ateri mbili hupanda kutoka tundu la jicho kwenda paji la uso, moja kama sentimita 1.7 kutoka mstari wa katikati, nyingine kama 2.7. Zinaanzia chini karibu na mfupa, na kadiri ya sentimita 1.5 hadi 2 juu ya ukingo wa tundu la jicho hupanda kuelekea ngozi. Zote zinaungana na ateri ya jicho. Jeli ikiingia humo kwa msukumo inaweza kurudi nyuma hadi kwenye retina (utando wa jicho unaopokea mwanga), na retina iliyokosa damu kwa dakika 60 hadi 90 hairudi. Ndiyo maana paji, katikati ya nyusi na pua huhesabiwa sehemu mbaya kuliko zote za kudungwa fila, na ndiyo maana bonyeo lililo sentimita moja tu juu ya nyusi si kazi ile ile na langu. Pale chini, kwenda karibu na mfupa si kinga tena.

Kanula butu hupunguza hatari bila kuiondoa. Kuvuta bomba ili kuona kama damu inarudi nako hakutoshi, kwa sababu jeli nzito inaweza kuzuia damu isionekane. Ninachokitaka mimi ni kuona chupa za hayaluronidasi chumbani kabla ya ganzi kupakwa. Hicho ni kimeng'enya kinachoyeyusha jeli hii, na hakifai kikiwa cha kuagizwa kesho. Uliza zipo ngapi, maana mshipa uliozibwa hutaka dozi kubwa inayorudiwa. Wakati wa kazi, ngozi ikigeuka nyeupe ghafla, ikifanya madoa ya wavu, au maumivu makali yakielekea jichoni, kazi inasimama hapohapo. Kiwi au giza la jicho moja ni dharura ya dakika, si la kusubiri asubuhi.

Siku zilizofuata ni za kawaida ukijua la kutarajia. Uvimbe wa paji hushuka kwenye kope siku ya pili na ya tatu, ukaamka na macho ya mtu aliyelia usiku kucha. Usikande. Usilale kifudifudi. Kofia ngumu, helmeti na kitambaa cha kukaza kichwa viache kwa wiki mbili, kwa sababu mkanda wao hupita juu kabisa ya jeli na kuisukuma. Dawa za kupunguza damu kuganda usiziache bila idhini ya aliyekuandikia. Zile za kujinunulia kama aspirini na ibuprofeni huachwa kama wiki moja kabla. Na usihukumu umbo kabla ya wiki mbili. Kijivimbe ulichokishika siku ya nne huenda ni maji tu.

Kujaza pungufu siku ya kwanza ndiyo hatua ninayoisifu zaidi. Jeli hii huvuta maji, hivyo shimo lililojazwa hadi mdomoni leo linakuwa kilima baada ya siku kumi.

Njia nyingine nilizipima na kuziweka kando, ingawa kwa bonyeo tofauti ningezichagua. Kovu lililonasa linahitaji kukatwa mshiko wake kwa sindano chini ya ngozi kwanza, wakati mwingine mara mbili au tatu. Fila pekee hapo inatengeneza pete kuzunguka shimo. Fila za kalsiamu kama Radiesse hukaa zaidi ya mwaka, lakini hazina kiyeyushi, na juu ya njia za ateri zile hilo linanitosha kukataa. Sculptra, dawa nyingine ya kudungwa, huamsha ngozi ijenge kolajeni (nyuzi zinazoipa ngozi unene) kwa miezi. Kwenye ngozi nyembamba iliyolala juu ya mfupa, vinundu vyake havina pa kujificha. Botoksi haijazi kitu, inalegeza misuli tu.

Mafuta ya mwili mwenyewe, kutoka tumboni au pajani, yanafaa eneo pana. Sehemu kubwa hufyonzwa miezi ya mwanzo, kwa kawaida inarudiwa baada ya miezi mitatu hadi sita, na yanayobaki hunenepa ukinenepa. Nayo yanaweza kuziba ateri ya jicho, bila kimeng'enya cha kuyatoa.

Mfupa uliodidimia sana ni kazi ya mpasuaji. Saruji ya mfupa hukandwa kwa unga na kimiminika, hupitishwa kwenye mkato ndani ya nywele, na ile ya akriliki hutoa joto kali inapoganda, hivyo humwagiwa maji ya chumvi. Ya haidroksiapataiti haitoi joto hilo, ila maji na damu huivuruga kabla haijashika, na haifai kugusa ile chemba ya hewa kwa sababu ya maambukizi. Kipande cha kutengenezwa kwa vipimo vya CT, cha titani au plastiki ya PEEK, hukaa sawasawa zaidi na hufungwa kwa skrubu ndogo. Malipo yake ni kovu kichwani, nywele kupungua kwenye mkato, na ganzi ya utosi inayoweza kuchukua miezi. Kwa milimita 3, hapana. Kwa milimita 8 zenye ukingo wa ngazi, ningeacha kupoteza hela kwenye jeli.

Jeli kwenye tabaka hili kwa kawaida hukaa mwaka hadi mwaka na nusu, ikipungua taratibu. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu nidungwe, na kijiti cha meno kinasoma milimita 1. Nitaongeza 0.2, si zaidi, na chupa za kimeng'enya nitazihesabu tena.